Tunauza mahindi Julai, tunayanunua Februari: jibu kwa msomaji wa Mbozi

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, nalima ekari tatu za mahindi Mbozi, mkoani Songwe. Mwaka mzuri navuna gunia ishirini. Kila Julai tunauza karibu yote, na kila Februari tunarudi sokoni kununua debe kwa debe kwa bei iliyopanda. Afisa mmoja wa kilimo alituambia mkutanoni kwamba sisi wakulima hatuna akili ya biashara. Sasa SACCOS yetu imeanza kutoa mkopo kwa mkulima atakayeweka mahindi badala ya kuyauza wakati wa mavuno. Mume wangu anasema ni mtego, mimi naona ni nafasi. Nani kati yetu yuko sahihi? Na ni kweli kwamba hatuna akili ya biashara?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo lililonigusa zaidi. Si kweli. Nimefundisha uchumi wa kilimo kwa miaka mingi, na mkulima asiyejua kwamba mahindi ya Julai ni rahisi na ya Februari ni ghali sijawahi kukutana naye. Hata mtoto wa darasa la tatu kijijini analijua hilo. Kama watu wote wanajua bei itapanda na bado wanauza, basi kuna kitu kinachowasukuma, na kazi ya mtaalamu ni kukitafuta kitu hicho kabla ya kuwagombeza watu mkutanoni.

Jaribu kuutazama uuzaji wa Julai kwa jicho lingine. Tuseme umeuza gunia kwa shilingi 50,000 na Februari umenunua gunia lilelile kwa 75,000. Kwenye daftari la mchumi hilo linaandikwa kama mkopo: umechukua 50,000 kwa miezi saba, ukarudisha na riba ya 25,000. Ni riba ya asilimia 50. Ungeambiwa riba hiyo kwenye dirisha la benki ungeinuka na kuondoka. Lakini mnunuzi anayekuja na Fuso mpaka barazani hakuulizi hati ya kiwanja, wala hakwambii urudi Jumatatu na wadhamini wawili. Pesa anayo mkononi siku ile ile unayoihitaji. Hicho ndicho unachomlipa.

Na kwa nini uihitaji Julai? Wewe unajua kuliko mimi. Deni la mbolea na la vibarua wa palizi linadaiwa pale pale mavuno yanapoingia ndani. Misiba na harusi zilizoahirishwa zinafufuka. Na kama una kijana aliyechaguliwa Kidato cha Tano, anaripoti shuleni Julai. Ada ya kidato hicho iliondolewa mwaka 2022, lakini godoro, sare, nauli na michango havikuondolewa.

Hili la shule si dogo. Majirani zetu wa Malawi walilipitia kwa namna iliyowasaidia watafiti kuliona waziwazi. Mwaka 2010 Serikali ya Malawi ilibadilisha kalenda, mwaka wa masomo ukaanza Septemba badala ya mwezi wa Desemba. Mashamba, mbegu na wakulima havikubadilika. Kilichosogea ni tarehe ya kununua daftari na sare tu. Mchumi Brian Dillon alichunguza mauzo ya mazao kabla na baada ya badiliko hilo, akakuta kaya zenye watoto wa shule zimeanza kuuza mapema zaidi, bei ikiwa bado chini, na maskini ndio waliosukumwa zaidi. Hakuna aliyepoteza akili ya biashara mwaka ule. Tarehe ya bili ndiyo iliyosogea ikakutana na bei mbaya. Natamani kila anayepanga kalenda za shule, za marejesho ya mikopo na za michango ya kijiji angekaa na jambo hilo jioni moja akalitafakari.

Sasa nije kwenye mkopo wa SACCOS. Swali lako limefanyiwa utafiti mkubwa, tena si mbali na kwetu. Watafiti watatu, Marshall Burke, Lauren Falcao Bergquist na Edward Miguel, walishirikiana na shirika la One Acre Fund magharibi ya Kenya, upande wa Webuye, katika misimu ya 2012 na 2013. Walichukua wakulima wa mahindi zaidi ya 1,500 waliokuwa kwenye vikundi, wakapiga kura. Vikundi vilivyoangukiwa na kura vilipewa nafasi ya kukopa wakati wa mavuno, dhamana ikiwa mahindi yenyewe. Magunia yalibaki nyumbani kwa mkulima, yakafungwa alama maalumu, basi. Vikundi vingine havikupewa.

Kwa nini kura? Kwa sababu bila kura tungewalinganisha wanaopenda kukopa na wasiopenda, na hao ni watu tofauti tangu mwanzo. Huenda mkopaji ana ng'ombe, ana shemeji mjini, ana bati zuri kwenye ghala. Kura inawachanganya wote sawasawa kama kete, hivyo tofauti inayoonekana baadaye inatokana na mkopo wenyewe.

Walichokiona ni hiki. Waliopata mkopo waliuza kidogo wakati wa mavuno, wakashikilia mahindi, wakauza zaidi bei ilipopanda. Wakulima wale hawakuhitaji semina ya biashara. Kilio cha pesa cha siku ya mavuno kilipozibwa, walifanya wenyewe kile afisa wenu alichokuwa akikihubiri. Faida ya mkopo ilikadiriwa kuwa karibu asilimia 29 katika kipindi cha miezi tisa hivi. Kwa shughuli ambayo mtu hafanyi zaidi ya kusubiri na kulinda magunia, hiyo ni faida kubwa sana.

Ungesoma mpaka hapo, ungemwambia mume wako ameshindwa. Lakini subiri, nusu ya pili ya utafiti ule ndiyo ninayoithamini zaidi, na ndiyo inayompa mumeo haki kwa kiasi fulani.

Watafiti hawakupiga kura ya vikundi peke yake. Walipiga pia kura ya maeneo: katika maeneo mengine asilimia 80 ya vikundi walivyokuwa nao walipewa mkopo, katika mengine asilimia 40 tu. Walitaka kujua nini kinatokea sokoni wengi wanaposhikilia mahindi kwa pamoja. Pale walipokopa wengi, bei ya wakati wa mavuno ilipanda kidogo kwa sababu mahindi yaliyoletwa sokoni yalipungua, na bei ya miezi ya baadaye ikashuka kwa sababu magunia yaliyofichwa yalitoka. Pengo la bei likajifunga. Mkopaji wa eneo lenye wakopaji wachache alivuna faida nono. Mkopaji wa eneo lililojaa wakopaji alibaki na kidogo sana, na sehemu kubwa ya manufaa ikaenda kwa majirani ambao hawakukopa hata senti. Waliouza mapema walipata bei nzuri kidogo, na walionunua baadaye wakakuta bei nafuu kidogo.

Ukiwa kiongozi wa wilaya, hiyo ni habari njema: mkopo wa baadhi ya watu unapunguza makali ya njaa kwa kijiji kizima. Ukiwa mkopaji mwenye riba ya kulipa, uliza swali moja kabla ya kusaini: wanakopa wangapi hapa kwetu? Kama SACCOS yenu inawapa watu thelathini katika kata yenye maelfu, usiwe na wasiwasi. Kama kila kaya katika bonde lenu itaweka magunia kusubiri Februari, na barabara ya kwenda soko la nje ni mbovu, Februari mtakutana wote kwenye mnada mmoja.

Mbozi ina jambo lake jingine: Tunduma iko pua na mdomo. Bei yenu haipangwi Vwawa peke yake, inapangwa pia na mvua za Zambia na makaratasi ya mpakani. Mwaka 2024 ukame wa El Niño uliunguza mahindi ya Zambia, Malawi na Zimbabwe, na Zambia ikafikia makubaliano na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, kununua tani 650,000. Aliyekuwa na magunia ghalani mwaka huo alikuwa na bahati. Lakini kumbuka Juni 2017, Serikali ya Rais Magufuli ilipozuia mahindi kupelekwa nje na kutaka anayeuza nje auze unga. Bei ikaporomoka Nyanda za Juu Kusini, na walioweka wakisubiri bei ya kawaida ya miezi ya njaa walisubiri bure. Kumbuka pia Machi 2021, Kenya ilipofunga mlango kwa mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka. Baada ya siku chache zuio lile liligeuzwa kuwa masharti, lakini aliyekuwa na lori njiani wiki ile hakufarijika na neno masharti.

Kwa hiyo bei kupanda ni kawaida, si ahadi. Uchunguzi wa masoko ya nchi saba za Afrika, Tanzania ikiwemo, uliochapishwa mwaka 2017 na Christopher Gilbert, Luc Christiaensen na Jonathan Kaminski, ulikuta kwamba kwa mahindi pengo kati ya mwezi wa bei ya chini kabisa na mwezi wa bei ya juu kabisa ni wastani wa asilimia 33. Kwenye soko la dunia pengo hilo halifiki hata nusu yake. Ila wastani ni mchanganyiko wa mwaka uliopanda sana na mwaka ambao haukupanda kabisa, na mkopo hauna mwaka wa wastani. Marejesho yako palepale.

Basi tupige hesabu ya gunia moja, la kilo 100. Namba ninazoweka ni za mfano, badili kwa za kwenu. Julai lina thamani ya 50,000. Umekopa 50,000 badala ya kuliuza, riba asilimia 3 kwa mwezi, miezi sita: 9,000. Mfuko usiopitisha hewa tuseme 5,000, unautumia misimu mitatu ukiutunza: 1,700 kwa msimu. Kilo nne zimepotea kwa panya, wadudu na kukauka: 2,700 kwa bei ya baadaye. Jumla 13,400. Maana yake bei isipofika 63,400, yaani kupanda kwa asilimia 27, umefanya kazi ya kuilisha SACCOS. Riba ikiwa asilimia moja na nusu, bei inatakiwa ifike 58,900, ambayo ni asilimia 18. Na gunia uliloliweka bila mkopo wowote linahitaji bei ipande hadi 54,400 tu, chini ya asilimia 9.

Angalia kilichotawala hesabu hiyo. Riba imeizidi gharama nyingine zote kwa pamoja. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema mkopo wa mazao ni mzuri au ni mbaya kabla hajataja asilimia ngapi na kwa muda gani.

Hapa sasa nataka ufanye jambo ambalo semina nyingi hazilifanyi. Gawa gunia zako ishirini mafungu mawili kichwani. Kaya ya watu sita inayokula ugali inamaliza gunia saba hivi kwa mwaka, zaidi kidogo kama vijana wako ni walaji. Hizo saba ziite chakula. Kumi na tatu zilizobaki ziite biashara. Gunia za chakula na gunia za biashara zinafanana kwa macho lakini kiuchumi ni vitu viwili tofauti kabisa.

Gunia la biashara ukiliweka unacheza na bei. Inaweza kupanda, mpaka unaweza kufungwa, jirani zako wanaweza kutoa ya kwao siku moja na wewe. Gunia la chakula halina mchezo huo. Bei ikipanda, hununui kwa bei hiyo. Bei isipopanda, bado mnakula, na ulichopoteza ni gharama ya kuhifadhi na riba, kama ulikopa. Tena Februari hununui kwa gunia, unanunua kwa debe au kwa kilo, ambako kila kipimo kina faida ya muuzaji ndani yake. Na hapo sijazungumzia lumbesa: Julai unauza gunia lililoshonewa kilemba juu, linahesabiwa moja, halafu Februari unauziwa kwa mizani kavu. Kwenye gunia saba za chakula, wewe uko sahihi, dada yangu. Kwenye kumi na tatu za biashara, mume wako ana hoja nzito.

Kwa hiyo ningekuwa mimi, Julai ningeuza kutoka zile kumi na tatu kiasi cha kulipa madeni na kumpeleka kijana shule. Saba za chakula zisiguswe kwa vyovyote. Kama baada ya kuuza bado kuna pengo la pesa linalotishia kuzigusa hizo saba, kopa kuziba pengo hilo tu, si thamani ya magunia yote. Mbili au tatu za biashara ukipenda ziweke bila mkopo, ujaribu bahati yako na Tunduma. Msimu wa kwanza unatosha kuwa hivyo. Ukiona riba ni ndogo na SACCOS ni waaminifu, mwaka wa pili panua.

Kuna jambo kwenye utafiti wa Webuye linalonihuzunisha, na ni haki ulijue. Watafiti walirudi mwishoni mwa 2015, baada ya mikopo ile kusimama, kuona kama faida iliwasaidia wakulima kujijengea akiba ili wasihitaji tena kukopa wakati wa mavuno. Hawakuona dalili hiyo. Faida ilikuwa ya kweli, lakini haikugeuka akiba. Nadhani jibu ni kuamua mapema, wewe na mumeo, kwamba sehemu ya faida ya mwaka wa kwanza inabaki kuwa akiba ya Julai inayofuata, hata kama ni bei ya gunia moja tu. Gunia moja mwaka huu, mbili mwaka kesho, na taratibu unajikopesha mwenyewe.

Vikundi vinasaidia hapo. Utafiti mwingine wa magharibi ya Kenya, wa Shilpa Aggarwal, Eilin Francis na Jonathan Robinson, uliwapa wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa njia ya kuhifadhi mahindi kwa pamoja, bila mkopo. Zaidi ya nusu walijiunga, wakauza baadaye na kwa bei nzuri zaidi kuliko wenzao. Mahindi yaliyo sebuleni yana wadai wengi. Shemeji akija na kikapu huwezi kumwambia hakuna wakati anayaona. Yaliyo kwenye ghala la kikundi, yenye daftari na funguo mbili, yanakupa jibu la heshima. Kama una VICOBA, pendekeza jambo hili hata kabla ya kwenda SACCOS.

Sasa kuhifadhi kwenyewe. Mimi nimekulia nyumba yenye kihenge, na nakumbuka mama alipokifungua mwaka mmoja akakuta vumbi. Unga mtupu, na magunzi yenye matundu kama chujio. Alikaa chini pale pale, hakusema kitu. Alikuwa dumuzi, yule mdudu watu walimwita Scania, aliyeingia nchini kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 akasambaa mpaka kila kona ya Afrika Mashariki. Wakenya wamempa jina la Osama. Kwa hiyo mtu anayeuza Julai kwa hofu ya dumuzi simwoni mjinga hata kidogo.

Ila hofu hiyo imepata dawa. Mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye nailoni mbili ndani ya kiroba, inaua wadudu kwa kuwanyima pumzi, bila sumu yoyote. Asili yake ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue kwa wakulima wa kunde wa Kamerun, miaka ya 1980. Hapa kwetu, watafiti waliwagawia mifuko ya aina hiyo wakulima wa Kilosa na Kondoa kwa kura, na katika miezi ya njaa kaya zenye upungufu mkali wa chakula zikapungua kwa asilimia 38 zikilinganishwa na zisizopewa. Uganda, wakulima waliopewa mfuko mmoja tu walianza kupanda zaidi mbegu bora za mahindi. Zile mbegu zina punje laini zinazopendwa na wadudu, na watu walikuwa wakizikwepa kwa sababu hazikai. Ghala salama likabadilisha hata shamba. Mimi nikilinganisha shilingi kwa shilingi, mfuko huu ni uwekezaji wenye uhakika kuliko mkopo wenyewe, na ungekuwa na pesa ya jambo moja tu Julai hii ningekwambia nunua mifuko saba.

Kuhusu hasara ya ghalani utasikia namba za kutisha, asilimia 30, asilimia 40. Wakulima wa Malawi, Uganda na Tanzania walipoulizwa wenyewe katika tafiti za kaya, hasara ya mahindi baada ya mavuno ilikuja kati ya asilimia 1.4 na 5.9 kwa nchi nzima. Ndiyo maana kwenye hesabu yako nimeweka nne. Lakini nayo ni wastani: wengi hawapotezi kitu na wachache wanapoteza kihenge kizima, kama mama yangu. Na wengi hawapotezi kwa sababu walishauza mapema, hasara yao ikajificha kwenye bei.

Kitu ambacho hakijifichi ni sumukuvu, na hapa nakuomba usinisome kwa haraka. Mwaka 2004 mashariki ya Kenya, Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 ikatokea kwetu, Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 wakapoteza maisha. Mfuko usiopitisha hewa haukaushi mahindi. Ukiyafunga mabichi umeyafungia na unyevu wao. Yanatakiwa yakaushwe mpaka unyevu ufike asilimia 13.5 au chini, juu ya turubai, si juu ya udongo. Kama hamna kipimo, chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi mpaka robo, ongeza chumvi kavu kijiko kimoja au viwili, funga, tikisa vizuri, subiri dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, rudisha mahindi juani. Ikidondoka yote chini, funga mfuko.

Nimeligusia hapo juu deni la mbolea, basi niongeze jambo moja. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walifanya jaribio Busia, Kenya: waliwaendea wakulima mara tu baada ya mavuno, pesa ikiwa bado mkononi, wakawauzia mbolea ya msimu ujao kwa bei ya kawaida, wakitoa bure tu gharama ya kuifikisha. Matumizi ya mbolea yaliongezeka kwa karibu nusu au zaidi. Wawili wa kwanza walikuja kupata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2019 kwa kazi za namna hii. Kwako wewe maana yake ni kwamba katika zile gunia utakazouza Julai, moja au mbili ziwe za mbolea, pesa iende kwa wakala moja kwa moja kabla haijalala nyumbani. Ukinunua mbolea kwa mavuno ya mwaka huu, Julai ijayo deni moja kati ya yale yanayokukimbiza halitakuwepo, na hapo ndipo kamba inapoanza kulegea.

Sijasema kitu kuhusu madalali, najua mkutanoni waliwataja sana. Wapo wanaonyonya, na kipimo cha lumbesa kikomeshwe. Lakini Julai dalali ndiye benki pekee iliyofungua mlango, na ukimfukuza bila kuweka mwingine, mtauza shambani kabla hayajakauka, kama wenzetu wa Kagera wanavyolizwa na butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado mtini.

Kabla hamjasaini, kaeni wewe na mumeo na fomu ya SACCOS. Soma riba kwa mwezi, na kama inahesabiwa kwa deni lote au kwa salio linalobaki. Uliza mahindi yatakaa kwenu au kwenye ghala lao, na yakiharibika huko nani analipa. Uliza kama unaruhusiwa kuuza gunia moja moja bei ikikupendeza au lazima usubiri wenzako wote. Na zaidi ya yote tazama tarehe ya marejesho. Nimeona mikopo ya namna hii inayodai pesa Desemba, wakati bei haijafika popote na sikukuu ziko mlangoni. Mkulima anauza kwa haraka kulipa mkopo uliokusudiwa umwepushe na kuuza kwa haraka. Kama yenu inasema Desemba, rudisheni fomu na muombe Machi.